Mashine Kubwa Niliyouziwa Andoany

Mkono wangu uliingia kwenye mafuta ya moto nikiwa nimelala. Si usiku, mama zangu. Saa nne asubuhi, sokoni hapa Mahajanga, nimekaa kwenye kigoda nakaanga sambusa, wateja wamesimama. Binti yangu Zaina ndiye aliyeuvuta. Tazameni. Vidole hivi viwili havikunjiki tena.

Ndugu zangu mliokuja kwenye maulidi haya, nawaambia, mlivyonisema nilisikia. Mvivu. Mlafi. Ana jini. Siku ile niliyosinzia kwenye sijda, wenzangu wakainuka nikabaki chini nakoroma, mkacheka. Haya, chekeni! Kumbe nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, nashtuka bila kujua, halafu linajifunga tena. Hivyo mpaka alfajiri. Huo ni usingizi?

Daktari mmoja wa hapa mjini, mwanamke, alinipima akaniandikia karatasi ya mashine. Hapa haikupatikana. Nikapanda boti mpaka kisiwa cha Nosy Be, kwa Bakari, mwenye duka la vifaa vya wagonjwa pale mjini Andoany. Bakari mtoto wa kwetu, Kifaransa anakisoma kama anakunywa maji. Mimi shule niliishia darasa la pili. Nikampa karatasi. Aliisoma yote, midomo inacheza.

Mezani palikuwa na mashine ndogo kama redio, ina bomba na kinyago cha kufunika pua. Chini imesimama kubwa, ina magurudumu, inatoa oksijeni kwa mrija wa puani.

"Ipi yangu?"

"Dada, hiyo ndogo ni ya wazungu wanaokoroma. Wewe mgonjwa kweli. Chukua kubwa."

"Karatasi imesema kubwa?"

"Ah, dada! Pumzi si pumzi tu?"

Nikachukua. Tena, nakiri, niliona fahari kuteremka bandarini na kitu chenye magurudumu. Miezi mitatu nililala nayo, na mchana nasinzia vilevile. Nikasema basi, kosa ni langu. Mpaka siku ile ya mafuta.

Daktari akanikuta wodini nimefungwa bendeji. Zaina alipomweleza mashine yenyewe, alipandwa na hasira mbele ya wagonjwa. "Koo limejifunga, hiyo oksijeni itapita wapi? Unahitaji ile inayosukuma hewa kwa nguvu, koo libaki wazi. Niliandika hivyo!"

Ile ndogo!

Zaina akaenda Andoany, Bakari akakataa kuibadilisha ile kubwa. Daktari ndiye aliyenitafutia ndogo kwa wenzake. Tukajaribu vinyago vitatu, viwili vikavuja, cha tatu kikakaa. Wiki haikuisha, nikakaanga sambusa asubuhi nzima bila kusinzia. Daktari, ahsante. Zaina mwanangu, ahsante. Na nyinyi majirani mlionitafutia betri ya kuiendesha umeme ukikatika, Mungu awalipe. Wengine, msikilize: anayekwenda kununua mashine asitazame ukubwa. Aulize inasukuma hewa au inatoa oksijeni tu, na karatasi asomewe na watu wawili.

Sasa wewe Bakari. Umekuja kwenye maulidi yetu, nakuona pale nyuma ya wanaume, umevaa kanzu mpya. Kaa, usiinuke. Pole yako siitaki. Zaina alipokuja kwako alikuta kubwa nyingine mbili zimeshauzwa kwa wanaokoroma kama mimi. Uliwauzia nani? Dereva wa teksi? Nahodha wa kivuko cha Katsepy? Watu hao wanasinzia sasa hivi na hawajui kwa nini. Haya, Bakari. Taja majina.