Chungu Kilichooshwa kwa Sabuni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mama Bernardine Byamungu wa Maplewood, aliyetutoka Jumatatu iliyopita, mwezi huu wa Machi 2017.

Mama Bernardine alikuwa mpishi wa kanyanga, ile pombe kali ya ndizi. Aliipika kwa vyungu vya udongo, kidogo kidogo, kule Kivu, kabla vita havijamfukuza. Hapa Amerika hakupika hata tone. "Sheria ya watu ni sheria," alisema. Lakini ndani ya ndege alipakata chungu kimoja, amekifunga kitenge. Chungu cha mama yake.

Mwaka 2013, wamama wa kanisa walikuwa wanakuja nyumbani kuomba. Binti yake, Uwimana, aliona haya. Chungu kilinuka pombe. Akakisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka kikapauka.

Mama akarudi kutoka kazini, alikokuwa akifua mashuka ya hospitali. Akakinusa.

"Weye Uwimana, umekiosha na sabuni?"

"Maman, kilikuwa kinanuka!"

"Hiyo ilikuwa harufu ya bibi yako."

Udongo hunywa, wasikilizaji. Ukiunywesha sabuni, hauitemi upesi.

Kule kazini palikuwa na mzee wa Meksiko. Baba yake alipika mezkali, pombe ya mkonge wa kwao, kwa vyungu vya udongo vilevile. Mama alipomsimulia, kwa Kiingereza chao cha kuokoteza, mzee alishika kichwa. "Sabuni? Pole, dada! Kwetu huyo mtoto angelala nje!" Wakacheka mpaka msimamizi akawakodolea macho. Kisha mzee akamwambia: chemsha maji matupu. Chemsha, usichoke.

Basi kila Jumamosi mchana, jiko la mkaa liliwaka nyuma ya nyumba. Maji chunguni. Chungu kingine, cha kununua hapahapa, juu yake. Maungio yakazibwa kwa unga wa ugali uliokandwa. Mvuke ukapita kwenye mwanzi, ukadondoka kikombeni, tone kwa tone, vilevile kama kanyanga ilivyopikwa Kivu. Mama alionja.

"Bado sabuni."

Mwanzoni Uwimana alileta maji tu. Baadaye akaziba maungio. Baadaye akaachiwa moto. "Punguza, binti. Unamkimbilia nani?" Theluji ikaja, ikaenda. Miaka mitatu na zaidi. Bado sabuni. Na Uwimana hakuomba kingine ila kusikia kwamba sabuni imekwisha.

Februari mwaka huu, Mama hakuweza tena kuinuka. Uwimana akapika peke yake, akampelekea kikombe kitandani. Mama akaonja.

"Udongo," alisema. "Udongo mtupu. Sasa ni chako."

Wiki hii Uwimana alituambia, sauti chini: "Nafikiri sabuni ilikwisha zamani. Alikuwa ananifundisha."

Pole sana, Uwimana. Poleni ukoo wote wa Byamungu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kuna kitu cha zamani nyumbani kwenu. Kabla hamjakisugua, ulizeni kilikuwa cha nani.

Jumamosi hii, nyuma ya nyumba ile ya Maplewood, moshi utaonekana. Ni maji tu. Uwimana ndiye atakayeonja.