Borghild Aukan, Aliyejua Neno Likatwe Wapi

Marehemu Borghild Aukan alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kisiwani Averøy, binti wa kwanza wa mkaushaji samaki. Alisoma shule ya msingi huko huko kisiwani, kijijini Bremsnes, akamalizia masomo mjini Kristiansund mwaka 1957. Mwaka uliofuata gazeti la mji lilimwajiri kuwa msahihishaji.

Lugha yetu ya huku kaskazini hupenda kuunga maneno mawili yakawa moja refu, na kazi yake ilikuwa kuamua likatwe wapi mstari ukiisha. Alilitamka huku akigonga meza kwa kidole: kwa nguvu sehemu ya kwanza, kwa upole ya pili. Palipoungwa ndipo alipokata. Peder, fundi wa injini za mashua aliyemwoa tarehe 12 Juni 1965, alidai mkewe hugonga hata usingizini. Peder alitutangulia mwaka 2011.

Aliyemwondoa kazini mwaka 1994 ni mimi, mwana wa mdogo wake na mhariri wa gazeti hilo.

"Mamkubwa, siku hizi kompyuta inakata yenyewe."

"Kukata itakata. Hata shoka linakata."

Tangu hapo, kila Ijumaa alileta bahasha ya maneno tuliyoyakata vibaya. Mwanzoni tulicheka pamoja. Baadaye nilijifungia ofisini, nikamwachia Gunnvor wa mapokezi uongo wangu.

"Mhariri katoka, mama."

"Katoka bila koti, na baridi hii? Mwambie atapata mafua."

Aliiacha bahasha, nami niliitupa kabatini bila kuifungua. Naona aibu kuyasema haya mbele yenu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, baada ya kuambiwa tena nimetoka, aliteleza kwenye barafu ya ngazi zetu akavunjika nyonga. Hospitalini alipata homa ya mapafu, akafariki tarehe 2 Machi.

Bahasha ya siku ile nimeifungua juzi. Ndani mna tangazo moja la msiba. Neno "bibi", ambalo kwetu ni maneno mawili yaliyoungwa, tulilipasua ovyo. Pembeni aliandika kwa penseli nyekundu: "Oddgeir, aliyeleta hili alikuwa analia."

Ameacha binti, Ragnhild; wajukuu wawili; mdogo wake Jorunn, mama yangu; nami. Karatasi hii nimeisahihisha mwenyewe, nikigonga meza. Hamna neno lililokatwa.

Pumzika kwa amani, Mamkubwa. Sikuwa nimetoka.