Picha ya Mama Mkwe kwenye Beseni

Benchi letu limeegemea ukuta wa studio ya Fundi Picha, upande ambao jua hufika kwa kuchelewa. Mimi huuza kahawa hapo, mtoto mgongoni. Wateja wangu wa kila siku ni Soli, fundi viatu, na Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamgomea. Asubuhi ile sote tulikuwa hoi. Mimi nilikesha na mtoto, na nyumbani baba mkwe alikuwa ameigeuza picha ya marehemu mkewe ikatazama ukuta. Alisema katika picha ile nyeusi na nyeupe mkewe anaonekana kama anasikia baridi, vilevile kama siku zake za mwisho, na yeye hana cha kumfunika.

Baba alipopitiwa na usingizi, niliichomoa kwenye fremu nikaileta kwa Fundi Picha. Akasema anaweza kuitia dawa igeuke kahawia, ipate joto. Ila akanionya kwamba filamu ya picha hiyo ilishaharibika. Picha ndiyo hiyo moja, ikiharibika basi. Nikamwambia afanye.

Dawa yenyewe inanuka kama yai viza, kwa hiyo alitoka na mabeseni yake mawili akayaweka mbele yetu. Hakuna aliyelalamika. Soli alisogeza viatu vyake kumpisha, kisha akatueleza kwamba hiyo kahawia ni moshi tu, watu wa zamani walitundika picha jikoni.

— Jikoni kwa nani? Breki akamuuliza. Wewe picha yako ni ya kitambulisho tu, na hata hiyo umefumba macho.

— Nilikuwa nawaza.

— Ulikuwa umesinzia, kaka.

Breki naye alikuwa na yake. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, alisema, ni usiku siku zote, ndiyo maana waliomo wanasikia baridi. Ukiitia kahawia, kwao kunakucha. Aliwahi kusafiri na picha ya namna hiyo milimani, lori likapata joto mpaka akafungua dirisha. Soli akataka kujua kama haikuwa injini. Injini ilikuwa imezimwa, Breki akajibu. Soli akakubali kwa uchovu, akashauri basi hospitali wagawe picha badala ya mablanketi.

Fundi Picha hakucheka. Alikuwa ameizamisha picha kwenye beseni la kwanza. Nikaona kitambaa cha kichwa kinapauka, kisha shingo, kisha macho.

— Fundi, anaondoka, nikasema.

— Lazima aondoke kwanza, mama. Ndivyo kazi ilivyo.

Hakuinua macho, lakini alinisukumia kigoda chake kwa mguu nikae.

Hapo ndipo baba mkwe alipotokea, vifungo vya shati vimepishana, fremu tupu mkononi. Breki alisimama upesi, na mgongo ule wake, akamzibia njia. Akamwamkia, akamuuliza habari za magoti, za usingizi, za jirani. Mzee aliitikia yote kwa adabu, kisha akamzunguka. Akachungulia ndani ya beseni. Karatasi ilikuwa karibu nyeupe.

— Yuko wapi?

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyemchukua. Badala yake nikainuka kwenye kigoda nimpishe.

Fundi Picha aliisuuza karatasi taratibu, akaihamishia beseni la pili. Harufu ikapanda. Macho yakarudi kwanza, halafu shavu, halafu mikunjo ya kitambaa, vyote kwa kahawia laini, kama ameketi karibu na jiko. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia dawa. Harufu hakuijali.

— Ndiye, akasema. Ndiye huyu.

Nikashusha pumzi. Lakini yeye alikuwa bado ameinama.

— Hapo alipokuwa haonekani, akauliza, huko alikuwa anasikia baridi?

Breki akamtazama Soli. Soli akatazama sindano yake. Fundi Picha aliitoa picha kwenye beseni. Tukasikia maji yakichuruzika kutoka vidoleni mwake.

Soli alimshika mzee kiwiko akamketisha. Breki akavua koti lake, akalitandaza juu ya magoti ya mzee. Mzee akaligusa, akashukuru, kisha akatutazama mmoja mmoja, bado anangoja jibu.