Misa ya Noti Tatu ya Mwalimu Adriano

Baba Paroko, ndugu, majirani na wanakwaya wenzangu, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Debora, binti wa kwanza wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na mnivumilie, naogopa, na sababu yake mtaisikia.

Baba yetu, Mwalimu Adriano Tadei, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji kimoja nje ya Namanyere, mtoto wa tatu wa Mzee Tadei na Bibi Bertilla, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akahitimu ualimu mwaka 1983, na kuanzia Januari 1984 hadi alipostaafu Agosti 2021 alifundisha hapa Sumbawanga mjini, huku akiongoza kwaya yetu ya Milanzi. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Mariana, wakajaliwa watoto wanne, sote tuko hai.

Mwaka 2016 alitunga Misa yake, ambayo wengi wenu mliinung'unikia. Haikuwa na kinanda wala ngoma, ilikuwa na noti tatu tu, zikirudiwa na kurudiwa, kisha kimya, kisha zinaanza tena, kwani alisema alijifunza kwa mama yake, Bibi Bertilla, akisaga ulezi, jiwe linakwenda, linarudi, halafu anatulia kidogo apumue. Siku ya kwanza tulipofika kwenye kimya cha "Mwanakondoo", bwana mmoja alipiga makofi akidhani tumemaliza, na akina mama wakanong'ona kwamba kwaya imesahau. Kimya kile hakikuhesabiwa kwa mkono. Alituambia, "Msinitazame usoni, nitazameni kifuani. Nikivuta pumzi, ingieni."

Februari 2022 alianza kukohoa, tarehe 3 Mei madaktari wakamwambia mapafu yake yanakakamaa na hayatarudi kama zamani, naye hakuacha kwaya. Basi kimya kikawa kinarefuka. Kila Jumapili tulisimama tukikikodolea macho kifua chake, hatujui kama pumzi itakuja, na Pasaka ya mwaka huu, tarehe 31 Machi, ilichelewa mpaka waimbaji wa sauti ya pili wakaanza kulia, ndipo ikaja, nyembamba, tukaingia. Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini, nikitazama kifua hicho hicho, nikangoja kama nilivyozoea, nikaendelea kungoja. Muuguzi ndiye aliyenishika bega.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Milanzi, walimu wenzake, na Mzee Lukmani wa Majengo, aliyetubebea mitungi ya oksijeni kwa gari lake la dukani bila kuchoka.

Baba aliacha agizo moja, Misa yake iimbwe leo, na niiongoze mimi. Jana tulijaribu mara tatu, na mara zote tatu tulipofika kwenye kile kimya nilishindwa kuvuta pumzi, kwa sababu nikivuta mimi, ya kwake imekwisha kweli. Sijui kama leo nitaweza. Mtakaposikia kimya, msipige makofi, na msidhani tumesahau.

Wanakwaya, simameni. Nitazameni kifuani.

Pumzika kwa amani, baba.