Mkononi Ameshika Nini? Maisha ya Mwalimu Huwaida Mahmud

Assalaam aleikum. Nyote mlioketi hapa, wa barazani na wa ndani, yule mtoto wenu aliyekwenda kusomea uhandisi, mkamsomea dua na kumpigia vigelegele gatini siku ya kuondoka, leo asubuhi hii mkononi ameshika nini?

Msijibu haraka. Swali hilo si letu, ni la marehemu, aliliuliza katika nyumba hamsini na mbili za visiwa hivi na za bara, na kwa kuwa leo hitima imekwisha na kahawa bado haijapita, familia imeonelea historia yake ianze nalo. Anayewasomea ni Shuaib, mtoto wa kaka yake, ambaye kikao cha familia kilimpa karatasi hii kwa sababu moja tu, kwamba ndiye mwenye wakati, na kweli wakati anao, ana digrii ya umeme tangu mwaka 2020 na wakati ndio kitu pekee ambacho digrii hiyo imempa.

Mwalimu Huwaida Mahmud alizaliwa Pate mjini siku ya Jumatatu, tarehe 11 Novemba 1968, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mahmud, mkulima wa tumbaku, na wa Bi Hindu, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kwa kichwa kila shina la tumbaku lililokuwa shambani kwa mumewe, na wale wanaojiuliza Mwalimu alitoa wapi ile tabia ya kuhesabu kitu mpaka kikome, basi alitoa kwa mama yake.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Pate mwaka 1975, akamaliza 1981, na Januari 1982 akaletwa hapa Amu, yaani Lamu mjini, kwa masomo ya sekondari, akakaa kwa shangazi yake hapa Langoni, nyumba ya tatu kutoka hii, akisoma darini kwa kuwa chini wanawake walikuwa wakishona na kucheka hata mtu hajisikii. Mwaka 1986 alikwenda Mombasa kwa kidato cha tano na cha sita, na 1988 akaingia chuo cha walimu huko bara, ambako katika darasa la fizikia alikuwa mtu wa visiwani peke yake na mwanamke wa pili, na mwalimu mmoja alipomuuliza mbele ya wenzake kama huko kwao Pate umeme wanaujua, alimjibu kwamba radi wanayo, iko siku ilipiga minazi mitatu, je, hapo chuoni imepiga mingapi. Alihitimu Novemba 1990, akiwa wa kwanza katika hesabu.

Alifundisha hesabu na fizikia katika sekondari za visiwa vya kaskazini tangu Januari 1991 hadi Desemba 2013, miaka ishirini na mitatu, na waliopita mikononi mwake mnajijua, wengine tunawaona mnaficha vidole kama vile bado anaweza kuingia na rula.

Alifunga ndoa na Bwana Harith, fundi wa milango wa hapa Langoni, siku ya Ijumaa, tarehe 9 Julai 1993, na Bwana Harith, alipoulizwa bibi arusi atiliwe nini chumbani, akasema wengine hutia kioo, yeye atatia ubao, akauchonga ubao wa kuandikia wenye nakshi pembeni kama mlango wa sharifu, ndio ule mnaouona ukutani, na watoto wa mtaa wamefanyia hesabu pale tangu siku hizo. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Razan, aliyezaliwa 1995, na Amjad, aliyezaliwa 1999.

Februari 2014 aliajiriwa na Mpango wa Ngazi kuwa mtathmini wake upande wa Lamu, na kwa wageni tueleze kwamba mpango huu ulianzishwa kuwapeleka vyuo vikuu watoto wa jamii ndogo za Pwani, Wabajuni wa visiwani, Waaweer wa msituni na wengineo, wasomee sayansi na uhandisi, na kazi yake Mwalimu ilikuwa ni kujua kama unawafaa. Kila Agosti vijana walipangwa gatini wakapigwa picha na fulana za mpango, na hiyo picha ndiyo iliyokuwa hesabu ya mpango, waliomo kwenye picha wamefaulu, kwisha maneno, success story.

Sasa hapa familia haitaficha kosa la marehemu, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 2018 alizunguka na fomu iliyotoka makao makuu, yenye swali moja kubwa, hali ya mwanafunzi ikoje, akawauliza mama zao, na karibu kila mama akamjibu Alhamdulillahi, naye akatia alama ya nzuri. Watu hamsini na wawili, nzuri arubaini na sita. Yeye, mzaliwa wa Pate, aliyekulia katika nti, nchi ambayo mtu anatoka kuzika mwanawe, akiulizwa hali husema Alhamdulillahi, alisahau kwamba hilo jibu ni adabu ya mtu kwa Mola wake, si habari za chuo, na Desemba mwaka huo ripoti ikachapishwa kwa karatasi ya kung'aa, ikasambazwa hotelini, watu wakala sambusa juu yake.

Machi 2019 alivuka kwenda Mokowe kwa shughuli zake, akamwona kijana anapakua saruji, mifuko miwili begani kwa mara moja, na kijana alipomwona akaficha mikono nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa Fadhil wa Kipungani, ambaye katika ile ripoti ya kung'aa, ukurasa wa tisa, yuko mwaka wa tatu wa uhandisi wa majengo. Alikuwa amefeli karatasi mbili za hesabu mwaka wa pili, ameandika barua tatu kwa mpango hakujibiwa hata moja, akarudi kimya kimya, na kwa mwaka mzima na nusu hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu hakumaliza shughuli zake. Siku ile ile alikwenda Kipungani kwa mama yake Fadhil, Bi Tima, akamkuta anasuka mkeka, akasimama mbele yake na viatu mkononi.

"Bi Tima, mimi na wewe tumejuana miaka. Mbona uliniambia Alhamdulillahi?"

Bi Tima hakuinua hata uso, akavuta ukili, akamwambia, "Na wewe, Mwalimu, ulitaka nimwambie Mungu nini?"

Alirudi nyumbani akamwambia Bwana Harith kwamba ametia alama arubaini na sita za uwongo kwa kalamu yake mwenyewe, na Bwana Harith, ambaye hupima mara tatu kabla ya kukata, akamwambia basi rudi ukapime. Akarudi. Hakutumwa na mtu, wala fomu hakuchukua tena, alichukua swali moja, kwa lafudhi yake ya Pate, "Yeo mkononi meshika nini?" Hilo halina Alhamdulillahi ndani yake, mtu hawezi kulijibu kwa adabu, lazima ataje kitu, na wakakitaja, jembe, koleo, usukani wa bodaboda, mtoto mchanga, simu isiyolia. Miaka mitatu alizunguka, Pate, Kipungani, mpaka kwa Waaweer huko bara, na alipofika Langoni kwa mtu wa thelathini na moja, ambaye ni huyu Shuaib anayewasomea, hakumwonea haya wala undugu, akaandika, "Amehitimu. Hajashika kitu," na Shuaib akamnunia wiki mbili, mpaka shangazi akamwambia, "Nuna, lakini nuna na ukweli."

Sikilizeni alichokipata, maana ndicho alichokufa anakidai. Kati ya hamsini na wawili, waliomaliza ni ishirini na watatu, na wenye kazi ya fani yao ni tisa. Lakini kumi na wanne kati ya wale hamsini na wawili, kwa bahati tu, walipangiwa chuo kimoja, ambako Bi Nerea, fundi wa maabara, mtu ambaye mpango haumjui wala haujawahi kumwandikia hata asante, aliwakusanya kila Jumamosi katika chumba kimoja wakafanya hesabu pamoja mpaka zikaingia kichwani, na katika hao kumi na wanne wamemaliza kumi na wawili. Wale thelathini na wanane wengine, waliopigwa picha nzuri zaidi, wamemaliza kumi na mmoja. Manze, hata asiyejua hesabu hiyo anaiona. Mpango ulitia nguvu zote katika kuwaondosha watoto gatini, na hakuna hata moja iliyotiwa katika kuwaweka huko.

Aliyaandika hayo kwa kurasa sitini na nne, akayapeleka siku ya Jumatatu, tarehe 5 Septemba 2022, kwa Bwana Rufus, mkurugenzi wa mpango, na Bwana Rufus akamwambia, "Mwalimu, hizi ni stori za akina mama, si data." Mwalimu akamuuliza ile ripoti ya kwanza aliitoa kwa nani, kama si kwa akina mama hao hao. Mkataba wake ulikoma Desemba, haukuongezwa, na kurasa sitini na nne hazijaonekana tena mpaka leo, ila ile ya kung'aa bado iko kwenye tovuti yao, ukitaka kuisoma.

Hakukaa akalia. Januari 2023 aliufuta ubao wa Bwana Harith, akaanza Jumamosi yake mwenyewe, hapa hapa, akamkamata Shuaib akamwambia acha kutuma CV kwa watu wasiozisoma, njoo ufundishe, na wanafunzi walioko vyuoni wakawa wanapiga simu, Shuaib anaandika ubaoni, Amjad anaelekeza kamera. Mwezi ule ule Fadhil alirudi chuoni na mikono yake ya saruji, na Novemba 2025 amehitimu. Ni yule pale mlangoni, na juzi jeneza alilishika upande wa kichwa, akakataa kupokezana.

Mwalimu alianza kuugua figo Januari 2025, akatibiwa hapa Amu na baadaye Mombasa, na Razan anasimulia kwamba muuguzi alipomuuliza siku ya kwanza hali yake, alijibu Alhamdulillahi, kisha akacheka mwenyewe, akasema, "Andika pia maumivu ni saba kwa kumi, hilo la kwanza lilikuwa la Mungu." Aliaga dunia nyumbani, siku ya Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, saa nne asubuhi, chaki ikiwa chini ya mto wa kitanda, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Ameacha mume, watoto wawili, na wanafunzi kumi na mmoja wa Jumamosi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Amu na Mombasa, manahodha wa boti waliomvusha bila kuombwa mara mbili, majirani wa Langoni mliopika siku tatu mfululizo, Bi Nerea aliyesafiri kutoka mbali, na Bwana Kiptoo wa ofisi ya takwimu ya mpango, mwenzake kazini, aliyempa majina yote hamsini na mawili alipoyaomba ili arudi kupima, huku akijua ataulizwa na wakubwa.

Lala salama, Mwalimu, Mola akufanyie wasaa huko ulikotangulia, Jumamosi hii ubao utafutwa kama kawaida.

Na nyinyi waheshimiwa wa bodi ya mpango, mliokuja na rambirambi yenye nembo, ahsanteni, tumeipokea. Bwana Rufus, ulipovua viatu pale mlangoni Razan alikupa kitu, kwa hiyo swali la marehemu tunakuuliza wewe wa kwanza, leo mkononi umeshika nini? Umeshika nakala ya zile kurasa sitini na nne. Usiziweke chini ya kiti. Zichapisheni, zote, na jina lake juu, muiondoe ile ya kung'aa, na muweke chumba cha Jumamosi katika kila chuo mnachopeleka watoto wetu, na hayo yawe yamefanyika kabla ya Agosti, la sivyo Agosti hatutawapa mtoto hata mmoja wa kumpiga picha.