Mzee Darubini na Nzi wa Bwawani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuongoza matembezi katika msitu wetu, mwenzetu tunayemwita Mzee Darubini anastaafu tarehe 31 Agosti. Alianza hapa kama mkata nyasi. Siku moja alizima mashine apishe kiota cha ndege, na sidhani kama aliiwasha tena.

Wageni wanampenda. Sisi wa ofisini ametuchosha. Matembezi ya masaa mawili kwake ni masaa manne, maana haondoki kwenye ua la mwituni mpaka kila mtu ainame alione. Barua za kumkumbusha muda zimejaa faili zima. Nyingine amechorea vipepeo upande wa nyuma.

Kiangazi kilichopita alipita kiasi. Wageni walikuwa wamepungua, na mkurugenzi alishasema wakizidi kupungua matembezi yatafutwa, na mimi karani nitafute kazi kwingine. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka likizo ya uzazi, usingizi siujui. Ndipo mzee akaokota mdudu mkavu dirishani, akahesabu mabawa. Mawili. Nyuki ana manne. Kumbe mdudu wa aina hiyo, ambaye kwa miaka sita mizima mzee aliwaonyesha watu bwawani akimwita nyuki, alikuwa nzi!

Nilimsihi tunyamaze, nzi hajaua mtu. Akasema watu wale walimwamini, basi waambiwe. Akafungua kitabu cha wageni, akanisogezea simu.

Watu mia tatu na kumi na wawili walioacha namba zao! Mmoja aliuliza kama kwetu hakuna kazi za kufanya. Mwingine alikata simu mara mbili, na mzee akataka tumpigie ya tatu. Bibi mmoja alicheka mpaka akapaliwa, akaapa anakuja kuhesabu mabawa mwenyewe. Akaja kweli, na dada zake watatu. Wengine wakafuata. Mwisho wa mwezi foleni ilifika barabarani, na mkurugenzi hakutaja tena kufuta kitu.

Kwa hiyo kazi ninayo, ingawa sikio la kulia bado linaniuma nikikumbuka. Jumamosi matembezi yapo, na kiongozi ni mimi. Niliomba mwenyewe. Msiniulize kwa nini.

Asante, mzee wetu. Afya iwe nawe, miguu isichoke, na mkeo akikuita mezani, tafadhali nenda siku hiyohiyo.