Saa ya Kifaransa Yafika Bulla Pesa

Kwenye kona moja ya mtaa wa Bulla Pesa, mbele ya kibanda cha kahawa cha Lul, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa watu wenye maoni. Asubuhi hiyo Duba, dalali wa mbuzi, alifika amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Akakifungua taratibu. Ilikuwa saa ya mezani ya kizamani kutoka Ufaransa: kioo kizito kinachometameta, shaba iliyopakwa dhahabu, na juu yake katoto kanono kenye mabawa, hakana hata suruali. Mama yake, Abiba, alipewa saa hiyo na sista Mfaransa baada ya kumpikia miaka mingi kule misheni. Sasa mnunuzi alikuwa njiani kutoka Nairobi, na Duba alikuwa ameshaanza kuota pikipiki mpya.

— Hebu nisaidieni kuisifu, akasema. Huyo mtu akifika nimwambie nini?

Waqo, ambaye kwa kunasa kila habari wanamwita Rada, aliinama akaichungulia.

— Hii glasi ndio mali. Wafaransa walifungia ndani sauti ya mfalme wao. Ikigonga, ni yeye anakohoa.

— Mfalme akohoe kwa nyumba ya Abiba? akadakia Salesio, muuza miraa aitwaye Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa. Hiyo ni dhahabu tupu, bana. Ukiikwaruza tu, serikali inasikia.

— Na huyu mtoto? Duba akauliza.

— Ni askari wa mfalme, Waqo akajibu. Ukimuuza bila kumwambia, anaruka na saa yake.

— Askari bila nguo? Salesio akauliza.

— Alitoka mbio wakati wa mapinduzi!

Lul alicheka hadi birika likatikisika.

— Mfunikeni basi, wamama wanapita hapa.

Waqo akavua kofia yake, akamvisha. Kofia ilimmeza mtoto mzima ikashuka hadi kwenye mishale.

— Sasa umeficha saa! Salesio akalalamika.

— Si imesimama? Unataka kuona nini?

Duba alicheka nao, kisha akatega sikio. Kweli, ilikuwa kimya. Hakukumbuka kuisikia kimya hata mara moja maishani mwake.

Hapo akafika Kathure, mpangaji mpya wa mtaa, na chupa yake ya kahawa.

— Habari zenu. Hiyo saa ni ya nani?

— Ya mama yake Duba. Inauzwa.

— Na mama mwenyewe amesema aje?

Waqo alimtazama Salesio. Salesio akaomba aongezewe sukari kwenye kikombe kilichokwisha. Duba alikuwa ameichukua saa bila kumwambia mama yake, alipokuwa kwa jirani. Akaifunga tena kwa leso, akaenda nyumbani bila kuaga.

Abiba alikuwa ameketi kwenye mkeka, ufunguo wa saa mkononi.

— Nimeshasikia una mnunuzi. Umebeba saa ukaacha ufunguo. Ungemuuzia mtu kitu bubu?

— Nisamehe, mama. Najua unavyoipenda.

— Mimi? Hiyo kelele? Ningeiuza zamani! Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali bila kuisikia. Nikadhani ni hivyo hata leo, ndiyo maana naitia ufunguo kila siku.

Akamnyooshea ufunguo.

— Haya, peleka. Usimcheleweshe mgeni wako.

Simu ikalia mfukoni mwa Duba. Mnunuzi alikuwa amefika stendi. Duba akaiacha ilie. Akaiweka saa rafuni, akatia ufunguo kwenye tundu la nyuma, akaanza kuzungusha.